Mieleka Iliyotoka Japani Ikatua Brazili

Mwezi wa Shaabani uliopita nilipata barua kutoka kwa mwana wa ndugu yangu, anayekaa Abu Dhabi na mumewe. Mtoto wao wa kiume, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, anafundishwa shuleni mieleka iitwayo jiu-jitsu ya Kibrazili. Amechaguliwa kwenda kushindana, na babake amekataa. Mama mtu aliniandikia hivi: "Mjomba, babake asema huu ni mchezo wa makafiri, watu wanalaliana chini na kupigana kabali. Mimi sijui niseme nini. Mtoto analia. Nijibu kwa hisani yako."

Nilishika kalamu nimjibu siku ile ile, kisha nikaiweka chini. Sababu ni kuwa mimi juu ya mieleka nina jambo langu, na mwenye jambo hafai kuhukumu kabla hajalitazama.

Tulipokuwa watoto, siku za Alkhamisi baada ya chuoni tulikuwa tukishuka pwani maji yakitoka, tukapigana mieleka mchangani. Aliyebwagwa alihisabiwa ameshindwa, lakini wako waliokuwa hawakubali, wakaendelea pale pale chini. Hatukuwa na ishara ya kusema yatosha. Mtu alipiga kelele "basi! basi!" huku anacheka, na mwingine alipiga kelele hiyo hiyo kwa maumivu, na sauti zilikuwa moja. Alasiri moja mwenzetu alikunjwa mkono, akalia "basi", aliyemshika akadhani ni mzaha, na kiwiko kikateguka. Sisi tuliozunguka tulikuwa tukimhimiza: "Mkunje! Mkunje!" Mimi ni mmoja wao. Nyumba za wale watoto wawili zilikuwa zimepakana ukuta, na wazee wao hawakutoleana salamu kwa miaka saba. Mkono wa yule mwenzetu haukunyooka mpaka leo. Nilipokuwa mwalimu nilipiga marufuku mieleka kwa wanafunzi wangu, na waliovunja amri niliwatia bakora. Sikupata kujiuliza kama kosa lilikuwa la mieleka au letu sisi.

Basi nikaona kabla sijamjibu mwanangu nisome tarikhi ya jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nikukumbushe, ndugu msomaji, kuwa mieleka yenyewe si ngeni katika dini yetu. Imepokewa kuwa Mtume s.a.w. alipigana mieleka na Rukana, mtu wa Kikureshi aliyesifika kwa nguvu, akambwaga. Ni kweli kuwa Imamu Tirmidhi aliyeipokea aliitilia neno sanadi yake. Lakini khabari za vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, ni mashuhuri katika vitabu vya sira. Vijana wadogo walirejeshwa wasipigane. Rafi' bin Khadij akaruhusiwa kwa kuwa ni mpiga mishale hodari. Samura bin Jundub akasema kuwa yeye humbwaga Rafi'. Wakaambiwa wapigane mieleka mbele ya Mtume, Samura akashinda, akaruhusiwa naye. Na mafundisho kuwa nguvu za kweli zimo katika kuizuia nafsi wakati wa ghadhabu, wala hazimo katika kubwaga watu, kila mtoto wa chuoni anayajua. Nakuomba uyaweke karibu, tutayahitajia mbele.

Sasa twende Japani. Huko zamani walikuwako mashujaa waitwao samurai. Upanga ulipomponyoka mmoja wao vitani, alitumia mikono: kupiga ngwara, kubwaga, kukunja viungo, kukaba koo. Ufundi huo uliitwa jujutsu, yaani ufundi wa ulaini. Maana yake, ukisukumwa usishindane na msukumo, nepa nao mpaka mwenye nguvu aanguke kwa nguvu zake mwenyewe. Mwaka 1868 dola ikabadilika, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kuchukua panga hadharani. Walimu wa zamani wakakosa wanafunzi, na ilimu yao ikakaribia kuzikwa pamoja nao.

Katika zama hizo akatokea kijana jina lake Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860. Ukoo wao ulikuwa ukipika ulevi wa mchele. Silitaji hili kumtia ila, ila ujue kuwa hakuwa mtu wa dhiki. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye akili darasani, na wakubwa wa shule walikuwa wakimpiga. Akawatafuta wale wazee, akasoma kwa mmoja, akafa, akasoma kwa wa pili, akafa, akasoma kwa wa tatu. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua chuo chake katika hekalu moja la Tokyo, akakiita Kodokan. Wanafunzi walikuwa 9 na mikeka 12. Ufundi wake aliuita judo, njia ya ulaini.

Aliyoyafanya Kano ni mambo mawili, na kwangu mimi hayo ndiyo kiini cha khabari yote. Mbinu za kuua na kulemaza aliziondoa katika mazoezi ya kushindana, akabakisha zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zao zote, kila siku, wakarudi kwao wazima. Kisha akauweka moyo wa mafundisho katika mazoezi hayo hayo, si katika kuigiza. Na lililowezesha haya ni dasturi ndogo kabisa: mtu akishikwa akaona hana njia, hugonga kwa kiganja juu ya mkeka au juu ya mwili wa mwenzake, na mwenzake lazima amwachie papo hapo. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Sisi pale pwani tulikuwa na nguvu, tulikuwa na ngwara, tulikuwa na kila kitu isipokuwa hicho.

Mmoja katika wanafunzi wa Kodokan alikuwa Maeda Mitsuyo, aliyezaliwa mwaka 1878 kaskazini ya Japani. Mwaka 1904 alikwenda Marekani pamoja na mwalimu wake Tomita kuonyesha ufundi huo. Hakurudi kukaa. Alizunguka Uingereza, Hispania, Kuba, Meksiko na nchi nyingine, akishindana na wapiganaji wa kila namna kwa malipo. Huko Hispania alipata jina la Conde Koma, na "conde" kwao ni cheo cha kibwana. Mwaka 1914 aliingia Brazili, na baadaye akafanya maskani Belém, mji ulioko karibu na pale maji ya mto Amazon yanapotoka baharini.

Belém ulikuwa mji uliotajirika kwa utomvu wa mpira. Utajiri huo ulikuwa umekwisha anguka Maeda alipofika, kwa sababu mwaka 1876 Mwingereza mmoja alizichukua mbegu za mpira kutoka huko, na miti ikaja kupandwa Malaya kwa wingi mpaka bei ikashuka. Sisi watu wa pwani tuliouona mji ukiinuka kwa karafuu na kuinama kwa karafuu tunajua mji kama huo unavyokuwa: majumba makubwa, wenye nayo wachache, na vijana wengi wasio na kazi. Katika wenye majumba alikuwako Gastão Gracie, mfanyi biashara ambaye asili ya babu zake ni Uskoti. Alikuwa na wana wengi, na mkubwa wao, Carlos, aliyezaliwa 1902, alikuwa mtukutu. Riwaya ya ukoo huo yasema kuwa mwaka 1917 Carlos alimwona Maeda akionyesha ufundi wake katika jumba la michezo la mji, babake akampeleka kwake asome. Na kwa kuwa siku zile watu wa nje waliyachanganya majina, waliyojifunza yakaitwa jiu-jitsu, na jina likabaki hilo.

Ukoo ukahamia Rio de Janeiro mwanzo wa miaka ya 1920. Kwa riwaya yao, chuo chao kilifunguliwa mwaka 1925. Wako wachunguzi wa tarikhi wasiokubali, wanaosema chuo kinachojulikana kwa ushahidi ni cha mwaka 1930. Yasemwa pia kuwa mdogo wao Hélio, aliyezaliwa 1913, alikuwa dhaifu, daktari amemkataza mazoezi, akawa anakaa pembeni akitazama, mpaka siku moja kaka yake alipochelewa yeye akamfundisha mwanafunzi, na mwanafunzi akataka afundishwe naye tu. Aliyezoea kusoma manakibu ataijua mara moja sura ya kisa hiki. Sisemi ni uwongo. Nasema wasimulizi ni watu wa nyumba moja, na katika ilimu yetu ya riwaya hilo huandikwa pembeni.

Lisilo na shaka ni kuwa ndugu hawa waliendeleza sana mapigano ya chini. Judo iliyobaki Japani ilitilia nguvu kumbwaga mtu kutoka wima. Wabrazili wao wakasema: nikibwagwa je? Wakaufanya mgongo kuwa ni ngome. Mtu amelala chali, aliyemzidi uzito yuko juu yake, lakini miguu ya aliye chini imemzunguka kiunoni, inamsukuma, inamvuta, inamyumbisha, mpaka mwenye uzito anajikuta amepinduliwa au mkono wake umenaswa. Kwa mtu mdogo hii ni neema kubwa.

Lakini ufundi haukuja na tabia njema ndani yake kama maji ndani ya dafu. Mwaka 1932 ndugu hawa watatu, Carlos, George na Hélio, walikasirishwa na maneno ya mwalimu wa mieleka aitwaye Manoel Rufino dos Santos, wakamshambulia wakamjeruhi. Mahakama ikawahukumu kifungo. Wakasamehewa na Rais Getúlio Vargas. Wanafunzi wao wengi walikuwa wana wa watu wakubwa wa Rio. Na katika miaka ya 1990 mji huo ulikuwa na vijana wenye ufundi huu waliojulikana kwa kupiga watu baharini na katika madansa. Yale niliyokuomba uyaweke karibu, ndugu msomaji, hapa ndipo mahali pake. Watu hawa walikuwa na kila mbinu ya kumdhibiti mwingine.

Sasa nikupe khabari ya mwaka 1951. Kutoka Japani alikuja Brazili Kimura Masahiko, bingwa wa judo ambaye kwao hakuwa na mfano. Hélio alikuwa na miaka 38, na Kimura alimzidi uzito kwa kilo nyingi. Tarehe 23 Oktoba walikutana katika uwanja wa Maracanã, Rio. Katika kipindi cha pili Kimura alimshika mkono, akaupeleka mgongoni na kuupinda begani. Kila mtu alitazamia Hélio agonge. Hakugonga. Kimura akazidisha. Carlos akatupa kitambaa ulingoni kuonyesha wamesalimu amri, na ndipo mkono ulipoachwa.

Wabrazili wengi humsifu Hélio kwa kutogonga. Mimi nilisoma nikaukumbuka ule mkono wa mwenzetu usionyooka. Kiungo ni amana, na mwenye amana haichezei kamari kwa ajili ya makofi ya watazamaji. Ninayemsifu ni kaka mtu aliyekuwa pembeni, aliyekubali aibu kwa niaba ya ndugu yake. Lakini kuna jambo moja la adabu lililofuata, nalo nalisifu bila ya kusita. Mkunjo ule Wajapani walikuwa na jina lao tangu zamani; Wabrazili, walioshindwa, wao ndio walioupa jina la aliyewashinda. Mpaka leo kila mtoto anayefundishwa mchezo huu, hata huyo wetu wa Abu Dhabi, huuita "kimura". Ni watu wangapi wamwitao adui yao kwa hishima miaka sabini baada ya kushindwa?

Miaka minne baadaye ikaja khabari nzito zaidi. Waldemar Santana alikuwa mtu mweusi wa Bahia. (Bahia ni huko ambako watumwa Waislamu waliinuka dhidi ya mabwana zao katika Ramadhani, Januari 1835. Wala sisemi Santana alikuwa Mwislamu, nakumbusha tu damu za watu gani zimo katika mji ule.) Santana alikuwa mwanafunzi na mtumishi katika chuo cha Gracie. Wakakosana na Hélio, na tarehe 24 Mei 1955 wakapigana mbele ya watu, kwa mapigano yasiyo na masharti. Hélio alikuwa na miaka 41, na mwenziwe ni kijana. Walipigana zaidi ya saa tatu na nusu. Mwisho Hélio akaishiwa, Santana akampiga teke la kichwa, akaanguka. Mwanafunzi na mwalimu! Moyo wangu haukunituliza kusema nani alimdhulumu nani. Lakini mtu aliyemfundisha mtumishi wake kila kitu isipokuwa kumhisabu kuwa ni sawa naye, asishangae.

Na yuko wa tatu ambaye wengi hawamtaji, naye ndiye aliyenipendeza kuliko wote. Oswaldo Fadda, aliyezaliwa 1921, sanadi yake haipiti kwa Gracie. Alisoma kwa Luiz França, na França, kwa sanadi hiyo, kwa Maeda. Sisi wa chuoni tunaijua dasturi ya sanadi, na wenye mchezo huu wanayo vile vile: mwenye mshipi mweusi hukutajia amevishwa na nani, na huyo amevishwa na nani, mpaka kwa Maeda, mpaka kwa Kano. Fadda alifundisha kiungani, mahali paitwapo Bento Ribeiro, mbali na majumba ya ufukweni. Maskini wasioweza kulipa aliwafundisha bure. Katika miaka ya 1950 aliwatolea changamoto watu wa Gracie, na wanafunzi wake wakashinda, wengi kwa mikunjo ya miguu ambayo upande wa pili hawakuijali. Walioshindwa wakaidharau, wakasema huo ni ufundi wa watu wa kiungani. Na huo "ufundi wa kiungani" leo unafundishwa kila mahali. Fadda alifariki mwaka 2005, na vyuo vilivyotokana naye vingali hai. Ukisikia mtu anasema mchezo huu ni wa nyumba moja tu, mkumbushe jina hilo.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Mwaka 1993 mtoto wa Hélio, Royce, aliwashinda watu watatu usiku mmoja huko Denver, Marekani, katika mapigano yaliyotangazwa kwa televisheni, na dunia ikataka kujua mtu mwembamba vile ameshindaje. Mapigano ya namna ile, yenye kupigana nyuso, sina la kuyatetea, kwani uso tumekatazwa kuupiga. Lakini mashindano ya jiu-jitsu yenyewe hayana ngumi wala mateke. Mashindano ya dunia yalianza Rio mwaka 1996. Watu huvaa koti zito la pamba na suruali ndefu, wakagawanywa kwa umri, uzito na mshipi: mweupe, buluu, zambarau, kahawia, mweusi, na kuufikia mweusi huchukua kama miaka kumi. Kumbwaga mwenzako ni pointi 2, kuivuka miguu yake 3, kumkalia juu au kumshika kutoka mgongoni 4. Ukimfanya agonge umeshinda, pointi zozote ziwavyo. Kumnyanyua mtu na kumpigiza chini ni marufuku kwa wote, na mikunjo mingi wanayoruhusiwa watu wazima imekatazwa kwa watoto.

Mchezo ulifika Ghuba kwa njia ya mwanafunzi. Sheikh Tahnoun bin Zayed alipokuwa masomoni Marekani aliujua huko, na aliporudi akaanzisha mashindano Abu Dhabi, ya kwanza mwaka 1998. Baadaye, mwaka 2008, ukaanza kuingizwa mashuleni, na walimu wengi wakaletwa kutoka Brazili. Mwaka 2018, katika Michezo ya Asia huko Jakarta, Faisal Al Ketbi wa Imarati alipata dhahabu. Wasichana wao hushindana wasichana kwa wasichana, na vichwa vimefunikwa. Basi yule asemaye ni mchezo wa makafiri, amechelewa kidogo.

Liko moja la kuangaliwa. Katika vyuo vingine watu huinama mbele ya mkeka, au mbele ya picha ya mwalimu mkubwa ukutani. Rukuu yetu ina mwenyewe. Kijana wetu na apeane mkono na mwenzake, inatosha, na mwalimu mwenye adabu hatamlazimisha.

Baada ya Idi walikuja likizo, baba, mama na mtoto. Tulikaa barazani kwangu baada ya Alasiri, nikamwambia mjukuu wangu anionyeshe. Alitandika mkeka mwingine juu ya ule wa kwanza, akaniomba radhi kwanza, "Samahani, babu," kisha akaushika mkono wangu, akaupeleka taratibu mgongoni. Nikasikia bega linavutika. Nikagonga mkeka kwa kiganja mara mbili, na hata sikumaliza ya pili, alikuwa keshaniachia, ananiuliza kama nimeumia. Babake alikuwa amekaa ukutani, kimya, na kikombe cha kahawa mkononi.

Nilimwambia babake kuwa mashindano yakiwa si wakati wa Swala ya Ijumaa, na mtoto akiwa hakukatiza juzuu aliyofikia, mimi sioni la kumzuia. Akauliza safari ya mashindano ni lini. Mama mtu akasema ni mwezi ujao, na shule inataka jibu kabla ya Alkhamisi.